Mwanamke Aliyezima Redio

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, niliketi katika ukumbi wa chuo kimoja hapa Iringa nikisubiri sentensi moja itokee ukutani, kama mtoto anayengoja kuitwa mbele ya darasa. Kulia kwangu alikaa dada yangu Yustina, mkoba mapajani, miwani ya kusomea puani, kitenge kafunga juu ya sweta kwa sababu ukumbi ule una baridi. Ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Mbele yetu, akihangaika na nyaya za projekta, alikuwa binti yake, Neema, mwalimu wa chuo hicho. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamefanya kazi ya miezi miwili kuandika maneno ya Kiswahili chini ya picha za sinema ya zamani sana, isiyo na rangi, ya watu waliokwenda anga za mbali. Mimi na dada tuliwahi kuitazama sinema hiyo pamoja labda mara sitini, kule Mbeya, nilipokuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Mara zote sitini mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri. Na mara zote sitini, tulipofika kwenye maneno ya mwisho, nilidanganya.

Neema alikuwa ameniomba mapema nimsaidie kukagua tafsiri. “Mama mdogo, umefundisha Kiingereza miaka thelathini, nimwamini nani mwingine?” Nikamwambia macho yananisumbua. Macho yangu ni mazima, gazeti nalisoma bila miwani. Niliogopa kukaa peke yangu na ile sentensi kwenye kompyuta, maana nilijua mkono ungetaka kuibadilisha tena. Siku nyingine alinipigia simu akicheka. Sinema hiyo aliijua tangu utotoni kwa mdomo wa mama yake. Watoto wenzake walisimuliwa sungura na fisi, yeye alisimuliwa mhandisi aliyepotea nyotani. Alipokuwa mtu mzima akaitafuta mtandaoni, akaipata, akaona mwisho wake si ule aliosimuliwa. “Mama alikuwa ananipambia,” akaniambia. “Alijua nitalia, akaniwekea mwisho mzuri.” Nikacheka naye. Nilipokata simu nilisimama sebuleni muda mrefu nikiwa nimeishika mkononi.

Kwa ambaye hajaiona, habari yake ni hii. Wanasayansi wanasikia sauti inatoka kwenye nyota ya mbali, wanatuma chombo chenye watu watatu. Wawili wanakufa njiani. Wa tatu, mhandisi, anatua peke yake kwenye tambarare ya vumbi jeupe, na chombo hakinyanyuki tena. Anachobaki nacho ni redio. Huku duniani mke wake anafanya kazi katika kituo cha mawasiliano kilichopo juu ya mlima, na ni yeye anayepokea sauti ya mumewe. Kila ujumbe unachukua muda mrefu kuliko uliotangulia, mpaka inafika mahali mke ana mvi na sauti ya mume bado ni ya kijana. Halafu unakuja ujumbe wa mwisho. Mwanamke anausikiliza hadi mwisho, anazima redio, anachukua koti, anafungua mlango, anatoka, anashuka mlima. Mlango unabaki wazi, upepo unapeperusha karatasi mezani, basi, imekwisha.

Wanafunzi walijaa ukumbini hadi wengine wakasimama ukutani. Mwanzoni walicheka. Chombo kinaonekana kama masufuria mawili yaliyofungwa kwa waya, na kofia za wale wasafiri zinatikisika wakitembea. Kijana mmoja nyuma yangu alisema, “Hawa wamekwenda nyotani na jaba la maji,” ukumbi mzima ukaangua kicheko. Lakini kufika katikati, mke anapoanza kusubiri ujumbe miezi kwa miezi, hakuna aliyecheka tena. Nilishawahi kuuona ukimya ule, kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, miongoni mwa wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi ya kande.

Nilifika Mbeya mwezi wa kwanza, mtihani umeisha, matokeo bado. Dada alikuwa ameolewa Ilomba na dereva wa malori ya Zambia, jina lake Ambakisye, na alikuwa na mimba changa baada ya mbili kuharibika. Mimi nilitumwa kumsaidia kazi nzito. Walipanga vyumba viwili katika nyumba yenye ua mmoja na familia nyingine, ya Baba Gwamaka, naye dereva wa kampuni hiyohiyo. Jiko na bafu vilikuwa vya pamoja. Kwenye chumba cha mbele, juu ya kabati, ilikaa televisheni ambayo shemeji aliileta Krismasi kutoka Lusaka pamoja na deki, na dada alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Wakati ule huku bara hapakuwa na kituo chochote cha televisheni. Kile kioo hakikuweza kuonyesha kitu isipokuwa kanda, na kanda ilikuwa moja tu, iliyosahauliwa ndani ya deki na yule aliyeiuza.

Shemeji namkumbuka kwa wiki mbili tu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuimba akinyoa ndevu. Alipenda kula ndizi za kupika na maziwa ya mgando, na alinitania, “Shemeji msomi, ukifaulu nitakupeleka Kitwe ukaone taa.” Aliondoka asubuhi moja ya mvua, akasema wiki tatu. Dada alimpa sweta jipya, kijivu. Alifuma masweta kwa mashine ya mkono na kuyauza soko la Mwanjelwa, na lile la mumewe alilifuma kwa vidole, bila mashine. Wiki tatu zikawa nne, zikawa sita. Madereva wa Zambia kuchelewa lilikuwa jambo la kawaida, mara lori limeharibika, mara mpaka umefungwa. Dada alikuwa akijibu kabla hujamuuliza. “Barabara ya kule mbaya,” angesema, akiwa anachagua mchele, na hakuna mtu aliyekuwa amesema neno.

Alasiri moja ya mvua alitoa kile kitambaa akasema, “Mela, njoo uniambie hawa wanasema nini.” Yeye alikuwa ameishia darasa la saba. Alishaitazama na mumewe, lakini mumewe naye Kiingereza chake kilikuwa cha mizani na mafuta ya dizeli. Nikakaa kwenye mkeka karibu na kioo nikaanza kutafsiri, huku naona fahari, maana ilikuwa mara ya kwanza elimu yangu inamfaa mtu. Mama Gwamaka akaja na karai lake la mahindi, akaketi mlangoni. Tulipofika kwenye ujumbe wa mwisho nilimtazama dada. Alikuwa ameacha kufuma. Uzi ulikuwa umemzunguka kidole mpaka kidole kimekuwa cheupe. Na yule mhandisi, kwa sauti ya kukwaruza, akamwambia mke wake asimsubiri. Akasema hajafa, hajafungwa, na chombo ameweza kukitengeneza. Amepata maisha pale alipo, na hataki kurudi.

Nikasema, “Anasema nakuja. Nisubiri.”

Lilitoka lenyewe. Dada akashusha pumzi, Mama Gwamaka akasema, “Mungu mkubwa.” Halafu pale kwenye kioo mwanamke akazima redio, akavaa koti, akatoka. Dada akakunja uso. “Sasa mbona anazima? Mwenzake kasema anakuja!”

“Anakwenda kumpokea,” nikasema.

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali, lakini si kukubali kabisa. Kesho yake akataka tuirudie. Keshokutwa tena. Sasa ndipo naelewa kwamba ni mimi niliyeifanya sinema ile isiishe kwa dada. Kwa maneno yake halisi, mwisho ule unauma lakini unaeleweka. Kwa maneno yangu haukueleweka. Mtu anaambiwa mumewe yu njiani halafu anazima redio bila hata kutabasamu? Dada aliutafuta uso wa yule mwanamke kila alasiri. “Angalia macho yake hapo. Hayo si macho ya mtu aliyefurahi.” Nami najibu, “Kachoka tu, dada, kasubiri miaka mingi.” Kila jibu lilinilazimu kukumbuka jibu la jana. Nilianza kuogopa saa tisa. Nikisikia anaosha mikono uani, najua sasa anakuja kutoa kitambaa. Umeme ukikatika nilikuwa nafurahi moyoni, kisha naona aibu, maana bila ile sinema dada alikwenda kusimama getini akitazama upande wa barabara kuu, na kusimama kule kulikuwa kubaya zaidi.

Pasaka ikapita. Baada ya Pasaka, mwezi wa nne, nilikuwa nafua nyuma ya bafu, nimechuchumaa, sionekani. Baba Gwamaka alikuwa amerudi safari siku hiyo. Alikuwa jikoni akila, mkewe anamtengea, na ukuta wa lile jiko ulikuwa wa mabati. Nilisikia kijiko, nikasikia jina la Ambakisye.

“Lori alilikabidhi Kapiri, kulekule Zambia,” Baba Gwamaka alisema. “Kazi kaacha. Anakaa na yule mama mwenye mgahawa karibu na stesheni. Ana mtoto naye, anatembea kabisa.”

“Yesu wangu. Na Yusta?”

“Mwenyewe kanituma nimwambie.”

“Na lile tumbo? Hizo mbili zilizotoka umesahau?”

Kijiko kikaendelea kidogo kikaacha. Nilijaribu kunyanyuka taratibu, ndoo ikalia. Baba Gwamaka akatokea mlangoni, mdomo bado una chakula, akaniona. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake, mzee wa kanisa. Akaja mpaka niliposimama, akainamisha kichwa kama vile mimi ndiye mkubwa.

“Shikamoo,” nikasema, sijui kwa nini.

“Marahaba, mwanangu. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Basi sasa unajua. Wewe ni damu yake, utajua wakati wa kumwambia. Ila si kabla hajajifungua. Akishtuka, mtoto huyu naye atatoka, na lawama utabeba wewe.”

Akarudi ndani. Sijui kama alikusudia, lakini alikuwa amechukua mzigo wake akauweka kichwani kwangu, akaenda kumalizia ugali. Alasiri ile dada alitoa kitambaa kama kawaida. Nilitafsiri. Kufika kwenye ujumbe wa mwisho nikajifanya nakohoa. “Nisubiri,” nikasema. Kwa mara ya kwanza nilijua namwambia nini.

Miezi ile miwili sijapata kuishi mingine kama hiyo. Mbeya baridi ilianza kuingia, tunakula magimbi ya moto na chai ya rangi asubuhi, dada miguu imevimba, mimi namkanda kwa maji ya uvuguvugu nikiwa nimeinama asione uso wangu. Mama Gwamaka naye hakuniangalia tena machoni. Tukikutana jikoni alikuwa ananipa kitu, nyanya mbili, kipande cha parachichi, kama mtu anayelipa deni. Nilikuwa naota Kapiri, mji nisioujua, na katika ndoto ulikuwa wa vumbi jeupe. Dada akishika tumbo ghafla, namkimbilia. Akiamka anaimba, ndipo naumia zaidi. Mara moja aliniuliza tukiwa tunamenya viazi, “Mela, hivi wewe unaona atarudi?” Nikamenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi. Nikasema, “Si alisema atarudi?” Nikashangaa jinsi nilivyokuwa nimekuwa fundi wa kudanganya bila kusema uongo.

Neema alizaliwa mwezi wa sita, salama, siku ya baridi kali, mweusi na mwenye nywele nyingi. Nilimpokea kwa mkunga nikalia mpaka yule mkunga akaniuliza kama mama ni mimi. Sasa hii ndiyo sehemu ambayo nimewahi kuisimulia kwa padri tu, na hata kwa padri niliizungusha. Kisingizio kilikuwa kimekwisha. Mtoto amezaliwa, dada ana nguvu, anakula. Ningesema wiki ile. Lakini wiki ile ndiyo ilikuja barua kwamba nimefaulu na nimechaguliwa kidato cha tano, shule ya wasichana, niripoti mwezi wa saba. Nilikaa na ile barua chooni, mahali pekee palipokuwa na komeo, nikapiga hesabu ambayo sikufundishwa shuleni. Nikimwambia sasa, ataanguka. Akianguka, mtoto mchanga atalelewa na nani? Mimi. Wangesema, Melania abaki mwaka huu, shule itasubiri. Na shule haikuwa inasubiri mtu. Nikaikunja barua. Nikatoka nikampa dada, akapiga vigelegele na kichanga kifuani, akanichinjia kuku. Nilikula paja.

Niliondoka Mbeya asubuhi, dada kanisindikiza hadi stendi na mtoto mgongoni. Alikuwa amenifumia sweta la shule usiku na mchana ili niwe sawa na wenzangu. Basi lilipopita Uyole na kuanza kuteremka nilisikia raha ya mtu aliyetoroka, nayo ikageuka kichefuchefu kabla hatujafika Chimala. Shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kiingereza. Nilimwandikia dada kila wiki mbili, barua ndefu kuhusu chakula na wasichana wa bwenini, na kila barua niliianza kwa nia ya kumwambia. Yeye alijibu kwa mistari michache, mwandiko mkubwa. Sinema anaitazama peke yake sasa. “Maneno nimeyashika yote,” aliandika. Mwezi wa kumi ikaja barua ya mistari miwili: anasafiri, nisiandike mpaka aniambie.

Nilirudi Mbeya likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Televisheni haikuwepo kwenye kabati. Mahali pake palikuwa na mashine ya pili ya kufumia, na masweta ya sare za shule yamerundikwa. Dada alikuwa amekonda, mchangamfu kwa namna ya kuogopesha, anasema haraka haraka. Alinitengea ugali na maharage akakaa mbele yangu. “Nilikwenda Zambia na treni,” akasema. “Nimemwona. Mzima. Anapika.” Nilingoja aendelee, hakuendelea. Nilingoja aniulize, hakuniuliza. Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nilisimama nikakusanya nguo za mtoto, nikaenda uani kufua. Akina Baba Gwamaka walikuwa wamehama. Mwaka uliofuata dada alihamia Iringa, akafungua duka la masweta, akasomesha mtoto. Tumezika wazazi pamoja, tumechezeana ngoma za harusi, tumegombania hata vyungu. Jambo lile hatukuligusa.

Basi, pale ukumbini. Ujumbe wa mwisho ulianza, ile sauti ya kukwaruza ambayo naijua kuliko sauti ya marehemu mume wangu, na maneno ya Kiswahili yakatokea chini, meupe, makubwa, mazuri. Neema alikuwa amefanya kazi nzuri. *Usinisubiri. Hakuna kilichonizuia. Sitaki kurudi.* Sikumtazama dada. Nilitazama viatu vyangu. Nilimsikia anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Mwanamke akazima redio, akatoka, mlango ule ukabaki wazi. Taa zilipowaka, wanafunzi walianza kubishana. Msichana mmoja alisema yule mama alijikomboa. Mwingine akasema hapana, alikwenda kufa. Kijana wa jaba la maji akasema kwa sauti ndogo kwamba labda alitaka tu hewa. Walikaa wakibishana saa nzima. Nadhani hicho ndicho kinachoifanya sinema ile isizeeke, japo masufuria yake yamezeeka. Mwanamke yule haongei mwishoni, na kila anayemwona anamwekea mdomoni maneno yake. Mimi tu ndiye niliyeyaweka kwenye mdomo wa mume.

Tulirudi nyumbani kwa dada, Kihesa. Neema alitupikia viazi na nyama, akachangamka wakati wote wa kula, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo. Tukabaki wawili. Jua la saa kumi na moja lilikuwa limeingia mpaka katikati ya zulia.

“Nimeyasoma,” dada akasema.

“Dada...”

“Kwanza nikadhani mtoto kakosea. Nikakuangalia. Nikaona unaangalia viatu.”

“Nilikuwa na miaka kumi na minane.”

“Najua ulikuwa na miaka mingapi. Nilikuwa nakupikia.”

Nikasema kuna lingine, kubwa kuliko hilo, la Kapiri, na kwamba nililijua tangu mwezi wa nne. Akanikatiza kwa mkono.

“Hilo ninalo siku nyingi. Ambakisye mwenyewe aliniuliza, mbona umekuja, si nilishamtuma mtu tangu kabla ya Pasaka? Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa Baba Gwamaka, hata vumbi la treni sijanawa. Akasema, nilimwambia mdogo wako.”

“Miaka yote hii hukusema.”

“Na wewe hukusema. Nilisema, akija likizo atasema. Ukaja, ukafua nguo zote za mtoto, hata zilizokuwa safi. Nikajua hutasema.” Akasugua magoti. “Hilo lilikuwa na sababu zake. Tumbo, shule. Usidhani sikujua habari ya shule. Nilikasirika, nikakusamehe, nikakasirika tena, imekwisha. Lakini hili la sinema, Mela. Nilikuuliza kila siku. Kila siku! Nikakwambia, yale macho si ya furaha. Nilikuwa nimeona sawa. Ukaniambia nimeona vibaya.”

Nikainamia zulia.

“Ukaniambia anakwenda kumpokea,” akasema. “Na mimi nikapanda treni.”

“Ningekusomea ilivyo...”

“Sijui. Labda ningelia wiki, nikanyamaza. Labda nisingekwenda, nisingejua, mpaka leo ningekuwa nachungulia getini. Siwezi kukwambia ulinisaidia na siwezi kukwambia uliniharibia. Hilo la kuchagua mwenyewe ndilo ulilolichukua.”

Aliyasema bila kupandisha sauti, kama anayepima kitambaa. Nililia, na hakunibembeleza. Nilipotulia nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limekaa kifuani mwangu tangu ule mwezi wa kumi na mbili, nilipokimbilia uani na nguo safi. Nilimuuliza kama Ambakisye alimshika mtoto.

Dada akatazama dirishani. “Alikuwa nyuma ya mgahawa anakanda maandazi. Nikamteremsha mgongoni, nikamnyooshea. Akasema mikono yake ina unga. Nikasema, basi nawa, nakusubiri. Palikuwa na ndoo ya maji pale pale, karibu na mguu wake.” Akavuta pumzi. “Nikasimama. Yule mtoto mzito, unamkumbuka alivyokuwa. Nikasimama mpaka mikono ikafa ganzi. Hakunawa.”

Jikoni, vyombo vilikuwa vimenyamaza. Sijui vilinyamaza tangu lini. Neema alitokea mlangoni, mikono inadondosha maji, uso wake umebadilika kama wa mtu aliyeitwa jina na mgeni. Alichoambiwa maisha yake yote ni kwamba baba yake aliishia Zambia.

“Mama,” akasema, “huyo mtoto ni mimi?”

Nilihisi mdomo wangu unafunguka. Nilikuwa tayari na maneno, laini, yaliyopangika, maneno ya kumlinda. Dada aliinua kiganja mbele ya uso wangu bila hata kunitazama.

“Wewe nyamaza,” akaniambia. Kisha akasogea kwenye kochi, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni yake. “Njoo ukae, mwanangu. Nitakwambia mimi.”